Nani Analikogesha?

Beseni lilikuwa limejaa ndimu. Mjukuu wa mzee, mtoto wa kike wa miaka kama 12, kakaa chini anazikata na kuzikamua moja moja kwenye bakuli, hasemi kitu, na mie nipo pembeni kwenye mkeka nasikia harufu ya jikoni kwetu kabisa, kama mtu anatayarisha samaki wa kupaka. Tupo Banyusumurup, kijiji cha Imogiri, kusini ya mji wa Yogyakarta, Jawa. Ni Muharram, wenyewe wanaita Suro. Mzee, ambaye pale kila mtu anamwita Mbah, yani babu, akaileta keris yake, kisu kirefu cha Kijawa, imo ndani ya ala, kaishika kwa mikono miwili, kaigusisha kidogo kwenye paji la uso, alafu akaichomoa taratibu mno hata sauti ya chuma kutoka kwenye mti haikusikika.

Mie kwa pupa nikanyoosha mkono wa kulia niipokee.

"Miwili," rafiki yangu akaninong'oneza. Huyu tunasoma naye chuo, Mbah ni babu yake mzaa baba. "Mikono miwili."

Nikaipokea kwa miwili. Mbah akaniangalia, akauliza kitu kwa Kijawa, rafiki yangu akanitafsiria: kwenu mnazo kama hizi? Nikamwambia tunayo majambia, babu yangu alikuwa na lake, akilivaa kwenye harusi na Idi, ala yake ya fedha. Mzee akafurahi kweli kweli, nikaona mpaka machoni. Akauliza tena.

"Sasa nani analikogesha?"

Nikajibu haraka haraka, baba yangu.

Baba kafariki miaka minne sasa. Na jambia aliliuza zamani, mie nipo darasa la sita.

Nilimdanganya mtu mzima nyumbani kwake, na keris yake imo mikononi mwangu. Wiki sita hizi nikikaa kusoma, nikilala, nikiwa kwenye pikipiki naenda chuo, swali lile linarudi, na najua sitotulia mpaka niliandike.

Kukosha na kukogesha

Neno kukogesha nimelichagua makusudi. Kazi ile wanaiita jamasan, na jamas kwa Kijawa cha adabu ni kuosha nywele, neno unalolitumia kwa mtu unayemheshimu. Kwa vitu vya kasri ya sultani wanasema siraman, na hilo ndo jina lile lile la josho analokogeshwa bibi harusi kabla ya ndoa. Sisi watu wa Unguja tofauti hii tunaijua bila kufundishwa: vyombo tunakosha, maiti tunamkosha, lakini mwenye uhai anakoga, na mtoto anakogeshwa. Na Makunduchi kila Julai mwaka mzima unakogwa, ndo jina lenyewe, Mwaka Kogwa. Kwa hiyo nilipoambiwa watu wanakogesha chuma mwanzo wa mwaka sikushangaa kama walivotarajia nishangae.

Mwaka wao mpya unaanza Muharram kama wetu wa Kiislamu na hilo lina mtu wake. Mwaka 1633 Sultan Agung wa Mataram aliichukua kalenda ya Saka, ile yenye asili ya Uhindini, akaifanya ifuate mwezi na miezi ya Hijria, lakini hesabu ya miaka akaiacha iendelee palepale ilipofikia. Kaburi lake liko Imogiri hapo hapo, juu kilimani, unapanda mamia ya ngazi. Kasri ya Yogyakarta inakogesha silaha zake ndani ya mwezi huo, Jumanne au Ijumaa iliyoangukia siku ya Kliwon, maana Wajawa wana wiki nyengine ya siku tano inayokwenda sambamba na hii yetu ya siku saba.

Kwa Mbah hakukuwa na kasri, kulikuwa na ua wa nyuma, kuku, na ndoo ya plastiki.

Usiku uliopita aliiloweka keris kwenye maji ya nazi ili kutu ilegee. Asubuhi akaisugua kwa ndimu na tunda linaitwa lerak, linatoa povu kama sabuni, akasugua, akasuuza, akasugua tena, hii kazi haina haraka na usidhani ni ya nusu saa, mpaka chuma chote kikawa cheupe, hakina mchoro wala nini. Kusema kweli wakati ule niliona kama ameiharibu. Kisha mtoto akaambiwa aondoke, maana kinachofata ni warangan, aseniki iliyochanganywa na maji ya ndimu, na hiyo ni sumu. Mbah akaanza kuipaka.

Kile cheupe kikaanza kugeuka kijivu, kijivu kikawa cheusi, na ndani ya weusi ikatoka mistari ya fedha, vidoa na mikunjo mikunjo, vingine vimeviringa kama povu la bahari linapovunjika mchangani. Ilikuwepo muda wote. Chuma cha kawaida kinaungua na ile dawa kinakuwa cheusi, chuma chenye nikeli kinakataa, kinabaki kinang'ara.

Mchoro huo unaitwa pamor. Na wa keris ya Mbah jina lake ni beras wutah.

Mchele uliomwagika.

Chapati ya kuchambuka

Kabla ya kuja huku nilikuwa nadhani yale mawimbi ndo keris yenyewe. Kumbe nyingi zimenyooka. Na zile za mawimbi, kila pindo wanaliita luk, hesabu yake ni witiri tu, 3, 5, 7, 9, 11, 13, shufwa hakuna. Ukitaka kuitambua keris angalia chini kwenye shina lake, bapa la chuma linapanuka upande mmoja kuliko mwengine, halilingani, na chini yake kimekaa kipande cha chuma cha pekee kinaitwa ganja, kama kizingiti cha mlango.

Mhunzi wake anaitwa empu, na hicho ni cheo. Anachukua chuma na chuma chenye nikeli anavitia kwenye mkaa wa mtiki, wasaidizi wake wanapiga nyundo kwa zamu mpaka vinashikana, anavikunja, vinapigwa, vinakunjwa tena. Anayetaka kuielewa keris afikirie chapati ya kuchambuka, jinsi mama anavopaka mafuta anakunja anasukuma. Kila ukikunja tabaka zinaongezeka maradufu, mara ya sita zimeshafika 64, ya saba 128, na wapo waliokwenda mbele zaidi ya hapo. Mwisho tabaka hizo zinakuwa kama chapati mbili na katikati yake kinalazwa chuma cha pua, ndo kinachobeba makali. Chuma kinachoingia motoni ni kingi, kinachotoka ni kidogo, kingine kimekwenda na cheche.

Empu akishakunja ana njia mbili. Anaweza kuupanga mchoro, kuusokota na kuuchonga mpaka utoke anavotaka yeye, kuna mmoja unaitwa blarak, kuti la mnazi, mistari inatoka ubavuni imeinama kama majani ya kuti, ukiuona utalijua kuti bila kuambiwa. Au anaweza kupiga tu na dua yake, utoke utakavotoka. Huo wa pili wanauita tiban, uliodondoka, na beras wutah mara nyingi ndo huo. Nilimuuliza Mbah kama yule empu wa zamani alitaka mchele umwagike vile. Akasema empu alitaka chuma kishikane, mchele ni wa Mwenyezi Mungu.

Nikeli yenyewe ilikuwa inatoka wapi? Nyingi ilikuwa ndani ya chuma cha Luwu, Sulawesi, kilichokuwa kikisafirishwa kwa majahazi mpaka Jawa. Na karne ya 18 kilianguka kimondo karibu na mahekalu ya Prambanan, vipande vyake vikabebwa mpaka kasri ya Surakarta vikatumika kwenye keris za kifalme, na bonge lililobaki lipo kasrini mpaka leo na lina jina la heshima, Kanjeng Kyai Pamor. Siku hizi wahunzi wengi wananunua nikeli ya kiwandani tu. Wapo wanaosikitika kwa hilo, mie sioni ubaya, babu zao nao walitumia walichokipata.

Kitu kimoja bado kinanisisimua. Kwenye mteremko wa mlima Lawu kuna hekalu la Sukuh, la karne ya 15, na kwenye jiwe moja wamechonga kiwanda cha mhunzi: Bhima, shujaa wa hadithi za Kihindu, anafua keris, Ganesha, mungu wao mwenye kichwa cha tembo, katikati anacheza, na Arjuna, nduguye Bhima, upande wa pili anavukuta. Niliposimama mbele ya jiwe lile macho yangu yalikwenda kwenye mivukuto tu. Siyo ile yetu ya bara ya ngozi ya mbuzi. Ni mabomba mawili yamesimama, na ndani yake vijiti vya kusukuma hewa juu chini. Mivukuto ya namna hiyo hiyo ndo waliyokuwa nayo wahunzi wa Madagaska, kwa sababu babu zao walivuka bahari wakitokea visiwa hivi. Na Al-Idrisi, karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Zabag, ndo visiwa hivi hivi, walikuwa wakifika Sofala kununua chuma cha Zanj, wakakiuze Uhindini kwa bei nzuri. Sisemi keris ya Mbah ina chuma cha kwetu. Nasema tu kwamba nilisimama pale Sukuh muda mrefu.

Damu

Wiki ya pili nikapata wasiwasi mwengine. Nikajiuliza hivi nimezama kwenye ndimu na mchele uliomwagika nikasahau kwamba hii ni silaha ya kuchomea mtu?

Maana hadithi zao wenyewe hazifichi. Ken Arok aliagiza keris kwa Empu Gandring, akaja kuichukua kabla haijamalizika, akakasirika, akamchoma nayo empu mwenyewe. Gandring akiwa anakata roho akailaani, itaua wafalme saba. Ken Arok akamuua nayo bwana wa Tumapel, akamuoa mjane wake, Ken Dedes, na mwaka 1222 akasimamisha dola ya Singhasari. Mwaka 1227 naye akauliwa kwa keris ile ile, kwa amri ya mtoto wa yule bwana wa Tumapel. Kila mtoto wa Jawa anaijua hii. Na naona wangeweza kuipamba, wakamfanya mwasisi wa dola kuwa shujaa msafi. Hawakufanya hivo, wameiacha damu ya mhunzi palepale mwanzo wa hadithi.

Ya Arya Penangsang ndo iliyonishika zaidi. Huyu alikuwa bwana wa Jipang, karne ya 16, hasira zake mashuhuri. Vitani akachomwa mkuki tumboni na kijana Sutawijaya, matumbo yakatoka, yeye akayazungushia kwenye mpini wa keris yake kiunoni akaendelea kupigana, na akashinda, kamlaza kijana chini, akataka kummaliza. Akaichomoa keris.

Akayakata matumbo yake mwenyewe.

Sasa nenda kwenye harusi ya Kijawa leo. Bwana harusi kavaa keris mgongoni, wao huvaa nyuma kwa ajili ya adabu, na kwenye mpini wa keris umening'inizwa mkufu mrefu wa asumini, unashuka mpaka karibu na paja. Watu watakwambia hayo ndo matumbo ya Penangsang, anavishwa bwana harusi akumbuke hasira inavyomaliza mtu. Mie nimekulia kwenye asumini, kikuba cha bibi harusi, asumini kwenye mto, na nimeona mabwana harusi wetu na joho na jambia mbele ya kiuno. Sikuwahi kufikiri kwamba ua lile linaweza kubeba kitu kizito kama hicho siku ya furaha.

Alafu kuna ile ya Diponegoro, mwana wa sultani wa Yogyakarta. Alipigana na Waholanzi miaka mitano, 1825 mpaka 1830, akaitwa aende mji wa Magelang kwa mazungumzo, mwezi wa tatu 1830, akakamatwa papo hapo kwenye mazungumzo. Yeye akapelekwa uhamishoni Sulawesi akafia Makassar mwaka 1855. Keris yake, Kyai Nogo Siluman, ikapelekwa Uholanzi kwa mfalme, ikazunguka kwenye hazina mpaka ikaishia makumbusho ya Leiden, humo ikapotea kati ya keris nyengine, na wataalamu walihangaika miaka mingi kujua ipi ndiyo. Machi 2020 ikarudishwa Indonesia. Miaka 190. Mwaka 2023 Uholanzi ikarudisha vitu vyengine 478, vya Indonesia na vichache vya Sri Lanka, na humo imo keris ya Klungkung, Bali, ambako mwaka 1908 mfalme na watu wake walitoka na keris na mikuki wakaikabili bunduki wakiwa wamekubali kufa wote.

Nilimsomea Mbah habari ya Nogo Siluman kwenye simu yangu, ingawa alikuwa anaijua. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza lile lile, huko Leiden, miaka yote ile, nani alikuwa anaikogesha?

Mtoto wake hataki

Hapa nilipitia tabu kupaandika.

Baba wa rafiki yangu, yani mtoto wa Mbah, siku ile ya jamasan hakuwepo. Nikadhani yupo kazini. Baadae rafiki yangu akaniambia baba yake haingii ule ua mwezi wa Suro, ni mtu wa dini sana, anaona kumpa chuma jina la Kyai na kukifukizia udi ni shirki. Na Kyai, mjue, ndo hilo hilo jina wanalomwitia sheikh wa madrasa. Mzee ana keris tatu na mtoto mmoja wa kiume, na mtoto ameshamwambia wazi, baba ukiondoka mie sizitaki ndani.

Siwezi kusema simuelewi. Mie nimesoma chuoni Unguja kama watoto wote, na moshi wa ubani ulipopanda pale kwenye mkeka moyo wangu ulishituka kidogo, nikasoma niliyosoma kimoyomoyo. Sikuificha, nikamuuliza Mbah waziwazi. Hakukasirika. Akasema yeye anaswali swala tano, na haiombi keris kitu, hajawahi kuiomba hata mvua. Babu yake alimpa mkononi akamwambia itunze, basi anaitunza. Udi ni kwa sababu harufu ya aseniki ni mbaya.

Hilo la mwisho lilinitosha mie. Halikumtosha mtoto wake, na sijui kama ipo haja limtoshe, watu wawili wenye imani moja wamekaa nyumba moja kila mmoja ana hofu yake kwa Mungu.

Ila kilichonikaa ni hiki. Kutengeneza keris hakujafa. Miaka ya 1970 kulikuwa karibu kufe, empu wanaofua walikuwa wa kuhesabu, mpaka baharia Mjerumani, Dietrich Drescher, akaenda kuwachokoza watoto wa ukoo wa kiempu kule Sleman, akina Djeno Harumbrodjo na ndugu zake, wawashe tena moto wa baba yao. Wakauwasha. Mwaka 2005 UNESCO ikaitangaza keris kuwa moja ya turathi zisizoshikika za binadamu. Leo Surakarta unaweza kusomea keris mpaka ukapata digrii, na kisiwani Madura, Sumenep, kuna kijiji cha Aeng Tong-tong ambacho ukipita kila nyumba unasikia tupa na nyundo. Keris mpya zipo tele.

Mbah haogopi keris zitaisha. Anaogopa hizi tatu.

Na kuzikogesha kwenyewe kunazimaliza, hilo nalo alinionesha. Ndimu inakula chuma. Ana moja, ya zamani kuliko zote, makali yake yameliwa mpaka umbo la asili halijulikani, nyembamba, ukiinua kwenye jua unaogopa itakatika. Nikamwambia basi Mbah, si bora uiache isikogeshwe, itaishi zaidi? Akasema kila mwaka inapungua kidogo.

"Na mimi napungua," akasema, akaendelea kupaka mafuta.

Chuma au ala?

Wiki ya tano nikarudi peke yangu. Kiindonesia changu kinatosha siku hizi, na Mbah akitaka anakiongea vizuri tu. Nilikwenda kusema ukweli.

Alikuwa kazini. Nimesahau kuwaambia, Mbah ni mranggi, mtengeneza ala, Banyusumurup nzima inajulikana kwa kazi ya ala na mapambo ya keris. Alikuwa na kipande cha mti wa timoho mkononi, ule wenye madoa meusi ya asili, anakichonga ala ya ladrang, ile ya rasmi yenye kichwa kama jahazi limeinua omo. Keris ya mteja ilikuwa pembeni juu ya kitambaa, iko uchi, mara kwa mara anaitumbukiza kwenye mti anasikiliza, anaitoa, anakwangua kidogo.

Nikamwambia, Mbah, nilikudanganya. Baba yangu halikogeshi jambia la babu, baba yangu kafariki, na kabla hajafariki aliliuza. Paa la nyumba yetu lilikuwa la makuti, masika ile likavuja vibaya mpaka tukalala watoto wote chumba kimoja, akalichukua jambia akaenda nalo kwa sonara mjini, na wiki ile ile yakaja mabati. Nilimuona analitoa. Sikuwahi kumuuliza, na nilipokuwa mkubwa nikabaki na hasira nae, kwa nini jambia, kwa nini si kitu chengine, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Mbah hakusema pole. Aliendelea kukwangua muda, alafu akauliza:

"Aliuza chuma au aliuza ala?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mjukuu. Keris ni wilah tu, lile bapa la chuma. Ala inavunjika, inatengenezwa nyengine. Mpini unaliwa na wadudu, unawekwa mwengine. Keris ya miaka mia tatu inaweza kuwa imebadilisha nguo mara kumi, na yeye amekula ugali wake maisha yake yote, yani wali wake, kwa sababu ya hilo. Hakuna anayesema hii siyo ile.

Hapo ndo nikaona tulivyo tofauti. Jambia letu sisi, na la Waomani, ukimuuliza mtu zuri ni lipi atakuonesha fedha, kazi ya nyuzi za fedha kwenye ala, mpini, mkanda. Bei yote iko nje. Kile kisu ndani wengi hata hawajakiona. Na mie mwenyewe, niliyelilia jambia la babu miaka yote hii, nikijaribu kulikumbuka nakumbuka ala inang'ara juu ya kanzu siku ya Idi. Chuma chake sijawahi kukiona. Sijui hata kama kilikuwa na kutu.

Hakuna aliyekuwa analikogesha. Hata wakati lipo.

Simu

Juzi nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huko Jawa mnakula nini?"

Tukaongea ya chakula, ya mvua, ya nani kaoa. Alafu nikamuuliza ile habari ya jambia, kwamba baba alipoliuza, aliliuza lote? Akanyamaza kidogo.

"Kwani nani kakwambia baba yako kauza jambia?"

"Nilimuona shangazi. Mabati."

"Aliuza fedha," akasema. "Sonara kapima fedha yake kwenye mizani, ya ala na ya mpini, chuma hakukitaka. Baba yako karudi nacho kakizungusha gazeti. Kimo kwenye kasha la bibi yako, chini kabisa, mwaka gani huo sijakitoa."

Nilikaa na simu mkononi nashindwa kusema.

Baada ya nusu saa ikaingia picha WhatsApp. Kakiweka juu ya kanga ili kionekane. Kipo kizima. Kimepinda vile vile, mgongo umeinuka katikati toka shina mpaka ncha, kutu imekivaa chote rangi ya udongo, na kwenye shina, pale mpini ulipokuwa, kuna kijiti kifupi cha chuma kimebaki wazi. Alafu ikafata sauti yake, na nyuma yake nasikia mvua inapiga kwenye bati.

"Hichi hapa. Sasa mie nikifanyeje, nikikoshe na sabuni?"

Nikampigia pale pale.

"Usikikoshe, shangazi. Ndimu zipo?"

"Ndimu hazikosi nyumba hii."